Kisima kimeingia chumvi: tushuke chini zaidi au tununue mashine?

*"Assalamu alaikum. Mwaka 2022 tulihamia huku njia ya Fumba, baada ya kupanga Mikunguni miaka tisa. Kiwanja chetu ni mita 20 kwa 25, juu ya mawe matupu, na pwani ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Mfereji haujafika mtaani, kwa hiyo tulichimba kisima kwa mashine, mita 28. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa matamu, mpaka majirani wakija na madumu yao. Sasa nyumba zimejaa, nimehesabu visima saba kutoka kona hadi kona, na tangu kaskazi iliyopita maji yetu yana chumvi, sabuni haitoi povu na birika limeganda mabaka meupe. Masika ikiingia chumvi inapungua, lakini maji yanakuwa na ukungu na watoto wanaumwa matumbo. Tupo saba nyumbani. Mdogo ana miezi minne, na mama mkwe ana presha. Fundi anasema tushuke mpaka mita 40, huko kuna maji matamu yasiyokwisha. Kaka yangu anaishi Maskati, mtaa wa Mabela, anasema kwao ni jangwa tupu na maji wanakunywa, basi tununue mashine ya kutoa chumvi. Mama mkwe anasema visima vya zamani vilikuwa hatua chache na bahari na maji yake matamu, ila sisi tumezidi pupa. Nimsikilize nani?"*

Waalaikumu salaam, dada yangu. Nianze na mama mkwe, maana katika washauri wako watatu ndiye aliyesimama karibu zaidi na ukweli, na ndiye peke yake asiyekutaka ununue kitu.

Visima anavyovisema nimeviona vingi huku Unguja: shimo la mviringo lililojengewa mawe, kina chake kimo cha watu wawili watatu, bahari unaiona pale pale, na maji ukiyaonja ni maji baridi kabisa. Hakuna muujiza. Waliovichimba walishika mambo mawili: walisimama mara tu walipogusa maji, na maji yakatekwa kwa ndoo na kamba. Nyinyi mmekwenda kinyume katika yote mawili. Sikulaumu, kwa sababu mtaa mzima umefanya hivyo hivyo, na hakuna aliyewakalisha kitako akawaeleza kilichopo chini ya miguu yenu.

Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe, sakafu ya bahari ya kale iliyobaki juu. Wakulima wetu huiita uwanda, au maweni: udongo wa kina cha kiganja, kisha jiwe lenye matundu na nyufa. Mvua ikinyesha haikusanyiki kuwa mto. Inazama. Inashuka mpaka inakutana na maji ya bahari, nayo yamepenya ndani ya jiwe lilo hilo kutoka pande zote mbili, kwani rasi mnayokaa ina bahari kushoto na kulia. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, basi yanakaa juu yake. Kwa hiyo chini ya nyumba yako hakuna mto wala ziwa lisilokwisha. Kuna tabaka la maji matamu linaloelea juu ya bahari, nene kati ya rasi, jembamba kuelekea pwani.

Lifikirie jahazi lililosheheni. Juu ya maji unaona ubavu kidogo tu, tumbo lote limezama. Sasa anza kulipakua: kadiri mzigo unavyotoka, ndivyo mkuku, ule uti wa chini kabisa wa chombo, unavyopanda. Tabaka lako la maji matamu ni jahazi hilo, na kila ndoo unayovuta ni gunia linaloshuka gatini.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa uijue kabla hujamlipa mtu. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa gramu 1,000, ya bahari ni kama gramu 1,025. Tofauti ni 25, na 25 inaingia katika 1,000 mara 40. Ndiyo maana, kwa kila sentimita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha sentimita 40 zake zilizozama chini ya usawa huo. Tuchukue mfano unaofanana na kwenu. Tuseme kiwanja chako kipo mita 12 juu ya bahari, na maji kisimani yamesimama nusu mita juu ya usawa wa bahari. Nusu mita mara 40 ni mita 20. Hapo ndipo maji matamu yanapoishia, mita 20 chini ya usawa wa bahari, na hata kabla ya kufika hapo yameshaanza kuchanganyika, kwa sababu mpaka wa tamu na chumvi haukatiki kama kisu. Kisima chako cha mita 28 kinafika mita 16 chini ya bahari. Mwaka wa kwanza kilikuwa salama kwa nafasi ndogo. Kisha zikaja pampu saba. Tuseme zote pamoja zimeshusha maji sentimita 10 tu, kitu ambacho jicho halikioni. Sentimita 10 mara 40 ni mita nne. Mkuku umepanda kutoka 20 hadi 16, na ncha ya kisima chako ipo hapo hapo.

Sasa mpime fundi kwa hesabu hiyo hiyo. Mita 40 kutoka juu ya kiwanja ni mita 28 chini ya bahari, kwenye mahali ambapo maji matamu yaliishia mita 20. Atakuchimbia mpaka baharini, na utalipa kwa mita. Fundi huenda hakudanganyi kwa makusudi. Sehemu nyingine za nchi, kwenye udongo mzito na tabaka za mchanga na udongo zilizopishana, mara nyingine kushuka chini kunasaidia, na kama alijifunzia kazi huko basi anahamisha dawa ya homa kwenda kwa mgonjwa wa jino. Kwenye rasi ya matumbawe kushuka chini ni kuifuata chumvi.

Na kwa nini kaskazi izidi, masika ipungue? Kwa sababu kaskazi ni miezi ya kupakua bila kupakia. Mvua hakuna, joto kali, kila nyumba inavuta zaidi. Masika ikija jahazi linapakiwa tena, mkuku unashuka. Ukiona mwaka wa pili na wa tatu masika hairudishi utamu wa awali, ujue mnavuta kuliko mvua inavyorudisha. Si ajabu: sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu wasiofika laki sita, ya 2022 ikawakuta karibu laki tisa, na wengi wa walioongezeka hawakwenda kuishi Mji Mkongwe. Wamekuja huko huko pembezoni, kwenye viwanja vilivyokuwa vichaka juzi, ambako nyumba hutangulia na mfereji hufuata baadaye.

Lakini dada yangu, chumvi siyo iliyonitia wasiwasi nilipokusoma. Kilichonishitua ni ule mstari wa masika: chumvi inapungua, maji yanakuwa na ukungu, watoto wanaumwa matumbo. Hukulitaja karo lako, yaani shimo la maji ya choo, hata mara moja, na mimi naanza kuliona humo humo ndani ya kisima.

Niambie kama nimekosea. Karo lenu limechimbwa pembeni ya nyumba, limejengewa matofali ubavuni, chini limeachwa wazi, na tangu 2022 halijajaa. Pengine mnalisifu. Nimeshakaa barazani na wazee wa nyumba wakinionyesha karo kwa fahari: "Hili mwaka wa kumi, gari la kunyonya halijaingia hapa." Nikawauliza, watu wanane, miaka kumi, vimekwenda wapi vyote hivyo? Kimya. Karo lisilojaa kwenye jiwe la matumbawe ni karo linalovuja kwenye nyufa, na nyufa hizo ndizo zinazolisha kisima. Udongo mzito huchuja vijidudu, maji yanapita polepole na vingi vinafia njiani. Ufa wa jiwe hauchuji. Ni bomba tu. Mvua kubwa ya masika inasukuma yaliyomo chini ya makaro yote ya mtaa kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo unapouona ule ukungu.

Wataalamu wengi hutaja mita 30 kuwa nafasi ya chini kabisa kati ya kisima na karo. Kiwanja chako ni 20 kwa 25. Ukivuta kamba kutoka pembe moja mpaka pembe ya mbali kabisa unapata mita 32. Maana yake ungeliweka kisima kwenye pembe moja na karo kwenye pembe iliyokabiliana nayo ungepita kwa shida, na pembe hizo hizo nyuma ya ukuta zina karo la jirani. Na hizo mita 30 ni za udongo wa kawaida. Kwenye maweni hakuna nafasi ninayoweza kukuapia kuwa ni salama. Kwa hiyo ichukulie hivi kuanzia leo: maji ya kisima chako, masika na kaskazi, yakiwa matamu au ya chumvi, si ya kunywa mpaka yatibiwe. Tena yakiwa matamu ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mtu anayaamini.

Kuna jambo moja nikuondolee hofu, nalo ni yale mabaka meupe ya birika. Watu wengi wanadhani ni chumvi, wengine wanasema ndiyo mawe ya figo. Kamulia ndimu juu ya baka. Likitoa povu dogo na kuanza kulegea, hiyo ni chokaa, jiwe lenyewe la matumbawe lililoyeyuka ndani ya maji kisha likaganda kwa moto. Inakula sabuni yako, inachosha birika, lakini mwilini haina madhara ya kuogopwa. Chumvi haigandi birikani namna hiyo; inabaki ndani ya maji. Ndiyo maana kuchemsha hakuitoi: mvuke unaondoka, chumvi inasalia, na maji yaliyobaki yana chumvi zaidi kuliko uliyoyatia. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi, na kwa hilo ni dawa nzuri sana. Yakishatokota sawasawa kwa dakika moja yanatosha. Huna haja ya kumaliza gesi.

Nije kwa kaka wa Maskati. Anasema kweli kuhusu kwao, ila anaona bomba bila kuona nyuma ya bomba. Maskati inapata mvua ya kiasi cha milimita 100 kwa mwaka. Mji ulipoanza kukua kwa kasi, serikali ilijenga mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari pale Al Ghubrah, ukaanza kazi mwaka 1976, na mingine ikafuata. Maji anayokunywa Mabela kwa sehemu kubwa yametoka baharini, yamesafishwa na mtambo mkubwa, na chumvi iliyotolewa imerudishwa baharini. Hiyo ni kazi ya serikali yenye mafuta. Muulize pia habari za mashamba ya ukanda wa Batinah, unaoanzia upande huo huo wa Seeb anakokaa. Wakulima walifunga pampu, wakavuta kuliko mvua inavyorudisha, bahari ikaingia visimani na mitende ikafa imesimama. Ugonjwa ni huu huu wenu. Mwaka 1985 wakajenga bwawa pale Al Khoud, na kazi yake kubwa ni kuyazuia mafuriko ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, yasikimbilie baharini, ili maji yazame ardhini. Watu wa milimita 100 wanajenga ukuta mkubwa ili wapate kile ambacho jiwe letu linafanya bure, na sisi tunapata kama milimita 1,600.

Mashine ndogo ya nyumbani inafanya kazi kweli, sitakudanganya. Inasukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, chumvi inabaki upande huu, maji matamu yanapita upande wa pili, na vijidudu navyo vinazuiwa. Lakini hesabu mambo haya kabla hujampigia kaka simu. Mashine za kawaida za majumbani hutupa lita tatu au nne kwa kila lita moja ya kunywa. Hizo za kutupa zitakwenda wapi? Karoni, na kutoka karoni kisimani, zimezidi chumvi. Chokaa yenu itauziba utando haraka usipowekewa kichujio cha kuitangulia. Utando wenyewe hubadilishwa, na inategemea kama hapa Unguja utaupata wa kulingana na mashine iliyonunuliwa Maskati. Tena inataka umeme wa uhakika; waya mkuu kutoka bara unapanda nchi kavu hapo hapo Fumba, lakini nyinyi mnajua zaidi yangu umeme wa mtaani kwenu unavyokatika. Kama una uwezo, na unaitaka kwa madumu mawili matatu ya kunywa kila siku, sitakuzuia. Kama unadhani itakupa maji ya kuoga na kufulia watu saba, utaichukia kabla ya Ramadhani.

Ninachokushauri mimi kipo juu ya kichwa chako. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Paa la mita 10 kwa 12 lina mita za mraba 120. Mvua moja nzuri ya masika, ya milimita 40, inakupa lita 4,800. Toa za kurukaruka na za kuvuja, zibaki kama 4,000. Siku moja! Watu saba, kwa kunywa na kupikia tu, mkitumia lita tano kila mmoja, ni lita 35 kwa siku. Kaskazi kavu ya siku 100 inataka lita 3,500. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa vuli linawavusha mpaka masika, mkiwa na nidhamu ya kulifungia kwa kunywa na kupikia peke yake. Hapo nyumba nyingi hushindwa. Tangi linajaa, mtu anaoshea gari, na mwezi wa pili wanarudi kisimani wakisema maji ya mvua hayatoshi.

Gata ziwe na mteremko, ziingie kwenye tangi kwa kupitia chujio la wavu. Mvua ya kwanza baada ya ukavu iache ipite yote, imwagike uani, kwa sababu inaosha vumbi na mavi ya kunguru, na kunguru wa Unguja unawajua. Tangi lifunikwe lisiingie mwanga wala mbu. Hata hivyo tia dawa ya maji au chemsha kabla ya kunywa. Maji ya mvua hayana chumvi wala karo la jirani, ila ndege hawaombi ruhusa.

Kisima msikizibe. Kibakisheni kwa kuoga, kufulia na chooni, lakini kibadilishiwe tabia. Pampu ipandishwe juu, ikae karibu na uso wa maji badala ya kuning'inia chini. Iwe ndogo. Ivute kidogo kidogo, nusu saa halafu ipumzike, na maji yaingie tangini, kuliko kuvuta saa tatu mfululizo siku ya kufua. Unapovuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi iliyo chini inapanda kama kichuguu chini ya bomba lako. Ukipumzika inashuka, ingawa polepole kuliko ilivyopanda. Mtaalamu anaweza pia kuiziba sehemu ya chini ya kisima, kukifupisha kutoka 28 kwenda juu. Najua inauma kulipa kwa ajili ya kufukia mita ulizokwisha kuzilipia, lakini nimeona inavyosaidia. Hilo lisifanywe na fundi wa kubahatisha.

Maji ya boza, gari la tangi, ni ya kujikimu. Muulize dereva ameyachota wapi, na ukiona anajibu mbio mbio tia dawa ya maji kwa uangalifu zaidi. Kama bado mnajenga, saruji msiichanganye kwa maji ya kisima hicho: chumvi inakula nondo ndani ya zege, na baada ya miaka michache dari inaanza kubanduka vipande. Mchanga wa pwani ni hivyo hivyo.

Karo ndilo la gharama, nalo ndilo la lazima. Linalofaa ni lenye sakafu ya zege na kuta zisizovuja, la vyumba viwili, na litakuwa likijaa, na gari la kunyonya litakuja. Kujaa ndiyo kazi yake. Na kama kuna shimo la asili au pango dogo kwenye kiwanja au njiani, msilitupie taka wala kulielekezea bomba la choo. Hilo ni koo la visima vyenu vyote. Maji safi ya paa yanayozidi tangi, hayo ndiyo mnaweza kuyaachia yazame ardhini, mbali na karo, yapakie jahazi. Ukisakafia uani kote kwa zege utakuwa unayafukuza kwenda barabarani.

Peke yako hutaweza, na hapa mama mkwe anarudi tena na neno lake la pupa. Visima saba vinakunywa kwenye bakuli moja. Ukipunguza wewe na jirani akafunga pampu kubwa, chumvi itakufuata ndani ya ukuta wako. Nendeni kwa sheha mkiwa wengi, mkiwa na namba mkononi, si malalamiko. Kuchimba kisima kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Maji, ZAWA, na ni haki yenu kuuliza kama kisima cha nane kinachotaka kuchimbwa kimeombewa. Hapo hapo ulizeni mfereji umepangiwa lini kufika kwenu, maana jibu hilo ndilo litakaloamua uwekeze kiasi gani kwenye matangi.

Kuhusu afya sitaki uchelewe. Mtoto wa miezi minne asipewe maji ya kisima kabisa, hata yaliyochemshwa. Maji yaliyochanganyika na karo huwa na naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi na mkojo. Kuchemsha hakuitoi, na kwa mtoto mchanga huzuia damu kubeba hewa vizuri, midomo na kucha zikawa na rangi ya samawati. Ukiona rangi hiyo, hospitali saa ile ile. Akinyonya maziwa yako tu hahitaji maji mengine mpaka atimize miezi sita. Kama anapewa maziwa ya kopo, yakorogwe kwa maji ya mvua yaliyochemshwa au ya chupa. Hao wakubwa, tumbo la kuharisha likiwa la maji matupu meupe kama ya kuoshea mchele, au mtoto macho yakaingia ndani na mkojo ukakosekana, msikae kupima dawa za nyumbani: anza kumnywesha maji ya chumvichumvi ya pakti huku mnaelekea kituo cha afya. Kipindupindu Zanzibar tumekiona zaidi ya mara moja na hakingoji asubuhi.

Na mama mkwe. Ndoo ya lita 20 ukiitia nusu lita tu ya maji ya bahari, kila lita yake inakuwa na karibu gramu moja ya chumvi. Akinywa lita tatu kwa siku, pamoja na chai na uji, ameshakula karibu gramu tatu kabla hajaonja mchuzi, na mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu tano kwa siku nzima. Kama presha yake imekuwa haishiki tangu kaskazi iliyopita, mwambieni daktari wake habari za kisima, hatakisia mwenyewe. Maji ya kwanza ya tangi la mvua yawe yake.

Nipelekee na sampuli mbili maabara ya maji, za chupa safi, moja sasa na nyingine wiki ya mvua kubwa, zipimwe chumvi, naitreti na vijidudu vya kinyesi. Moja peke yake inadanganya.

Kisha nifanyie kazi ndogo isiyo na gharama. Bamvua lijalo, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, zima pampu usiku kucha. Chukua uzi mrefu, funga kokoto mwisho, shusha kisimani mpaka uhisi imegusa maji, tia fundo kwenye uzi usawa wa mdomo wa kisima. Fanya hivyo maji yakiwa yamejaa pwani, na tena yakiwa yamekupwa. Pima umbali kati ya fundo na fundo. Kama mafundo mawili yameachana kiganja au zaidi, kisima chako na bahari wanapumua pamoja na utajua kwa nini nilikukataza mita 40. Nitumie vipimo hivyo viwili na urefu wa uzi wote, nikufanyie hesabu ya kiwanja chako chenyewe badala ya huu mfano wangu.